Barua kwa mwanangu kabla hajauza kiwanja cha Usa River

Old Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi ni wazima. Mama yako goti linamsumbua tangu mvua zianze, lakini anatembea na fimbo ameikataa. Ama baada ya salamu, nimeamua kuandika kwa sababu simuni kila nikifika kwenye neno kiwanja mtandao wako unakatika. Wa dada yako, hapo hapo Arusha, haukatiki. Nakuomba uisome yote, usisome mistari miwili ya juu halafu umwachie mkeo akusimulie.

Dada yako ameniambia umepata mteja wa kiwanja cha Usa River. Usimkasirikie, hakuja kunisimulia, mimi nilimbana. Anasema mteja yuko tayari kulipa taslimu kabla ya mwezi kwisha, na kwamba fedha yote, pamoja na akiba yako ya SACCOS, unataka kuinunulia Bitcoin, hizo sarafu za kwenye mtandao. Nilimuuliza mara mbili kama ni yote kweli. Akasema ndiyo baba, yote.

Swali langu ni moja, na utaliona likirudi humu mara nyingi mpaka likuchoshe: siku likitokea la kutokea, nani atafungua?

Sizungumzii bei. Najua utaanza na bei, ndiyo maana naiondoa kabisa mezani. Mdogo wako akirudi kutoka chuo mwisho wa wiki ananisomea mambo haya kwenye simu yake, na ile Desemba 2024 Bitcoin ilipopita dola 100,000 alinifuata mpaka bandani kwa ng'ombe kunionyesha, akidhani nitanyamaza. Nikamwomba arudi nyuma kidogo. Tukakuta Novemba 2021 ilifika karibu dola 69,000, na mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya 16,000. Aliyeuza kiwanja chake ile Novemba ya kwanza alingoja zaidi ya miaka miwili kuiona tena bei aliyonunulia, kama alikuwa na uwezo wa kungoja. Wewe huna. Magari ya watalii yanalala Aprili na Mei kila mwaka, na ada ya mtoto hailali. Lakini hilo nakuachia, wewe ni mtu mzima na hesabu za msimu unazijua kuliko mimi.

Wala sisemi ni utapeli. Mama yako ndiye anayeichanganya na ile LBL ya kulipwa kwa kubonyeza simu, iliyowaliza watu mwanzoni mwa 2025. Nimemweleza kwamba upatu unaishi kwa fedha ya anayeingia leo kumlipa aliyeingia jana, na mwenye upatu ndiye pekee anayejua kilichomo. Bitcoin kanuni zake ziko wazi tangu huyo anayejiita Satoshi Nakamoto alipotoa andiko lake Oktoba 2008: hazitazidi milioni 21, mpya zinazotolewa hupunguzwa nusu kila baada ya miaka minne hivi, na daftari la miamala linaonekana na kila mtu. Nikwambie ukweli, kwa mtu aliyekaa kaunta ya benki kama mimi, daftari hilo limenivutia. Leja ambayo hakuna meneja wa kuichezea usiku! Nilimwambia mdogo wako anisomee sehemu hiyo tena.

Sasa sikiliza. Leja isiyofutika haifutiki hata palipokosewa. Unamjua yule mzee wa Uru niliyekuwa nikimtaja, aliyekuja kuulizia malipo yake ya kahawa akakuta akaunti tupu. Siku hiyo hatukutoka mpaka usiku, tukipatanisha vitabu, na fedha tukaikuta kwa mtu mwenye jina kama lake, namba zikitofautiana tarakimu moja. Tukairudisha. Mzee hakujua hata kilichotokea, alichojua ni kwamba alisimama mbele ya dirisha akamwambia mtu mwenye jina kifuani, pesa yangu iko wapi. Na huyo mtu asipoiona, inakuwa shoti, inakatwa kwenye mshahara wake. Shoti zangu mlizionja mezani, sihitaji kuzieleza. Wewe ukituma hizo Bitcoin zako kwenye anwani isiyo yake, au mjanja akakulaghai ukamtumia kwa mkono wako mwenyewe, utasimama mbele ya dirisha lipi? Daftari litakuonyesha vizuri kabisa zilikokwenda. Litaonyesha mpaka saa na dakika. Basi.

Najua majibu yako, kwa sababu uliyatoa yote Krismasi na shemeji zako wakakupigia makofi. Ulisema benki nazo zinakufa. Ni kweli. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa siku moja kwa kukosa mtaji, na moja ilikuwa hapo hapo kwenu, Meru Community Bank. Ulisema tena Novemba ya mwaka huo huo maduka ya kubadilishia fedha ya Arusha yalivamiwa na ukaguzi, askari wakiwa mlangoni, na wenye dola zao wakabaki wameshika vichwa. Nalo ni kweli, na sikulipenda. Ukasema makato. Hapo nilitaka nikupigie makofi mimi mwenyewe, maana nikiangalia taarifa ya akaunti yangu ya pensheni naona wanakata mpaka kwa kuniambia kwamba wamekata.

Ila hukumalizia habari. Benki ile ilipofungwa, waliokuwa na amana ndogo walikuwa na Bodi ya Bima ya Amana ya kuwalipa, wakati ule mwisho wake milioni moja na nusu, na tangu 2023 imepandishwa mpaka milioni saba na nusu kwa kila mwenye amana katika kila benki. Hiyo bei aliyokutajia mteja wako, ukiigawa benki mbili, yote iko ndani ya bima. Sijui kwa nini vijana hamlisemi hili. Au mnalijua na linawaharibia hadithi. Waliokuwa na zaidi ya kiwango walibaki kwenye foleni ya ufilisi, na foleni hiyo ni ndefu, sikufichi. Lakini ni foleni, ina mwanzo na ina mtu anayeita majina.

Turudi kwenye swali langu. Nani atafungua?

Nataka nikueleze kilichoninyima usingizi wiki hii, maana si bei na wala si wezi. Ni wajane. Kwa miaka yangu pale kaunta, watu niliowakumbuka zaidi baada ya kustaafu ni wanawake waliokuja na bahasha ya khaki. Ndani yake cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, na barua ya Mahakama ya Mwanzo ya kumteua msimamizi wa mirathi. Wengine hawakujua kama mume alikuwa na akaunti mpaka walipoikuta kadi ndani ya koti. Tuliwazungusha. Njoo kesho, saini haifanani, lete picha nyingine. Kuna mmoja alirudishwa mpaka Marangu kwa sababu ya muhuri uliofifia, na aliyemrudisha leo asingefanya hivyo. Lakini mwishoni fedha ilitoka. Na kuna siku kuzungushwa huko ndiko kulikomwokoa mjane, kwa sababu shemeji mtu alikuwa ametangulia na karatasi zake za kughushi, na tulizikataa kwa ubishi huo huo.

Sasa wewe. Kazi yako ni barabara. Unashuka na kupanda kreta ya Ngorongoro na wageni sita, unalala Seronera, unarudi usiku kwa vumbi linalomfanya dereva mwingine asione mbele. Kila unapokwenda safari mama yako haongei mpaka umfikishie ujumbe kwamba umerudi. Sitaki kuliita, na mzee hatakiwi kuliandika kwenye karatasi, lakini wewe ndiye uliyenilazimisha: ukichelewa kurudi, mkeo aende wapi na bahasha yake?

Mdogo wako amenielewesha kwamba ziko njia mbili. Ama unazishika mwenyewe, na hapo unapewa maneno 12 au 24 ya kufungulia, na mwenye maneno ndiye mwenye mali, hakuna mahakama wala mwenyekiti wa ukoo. Umeyaandika wapi? Kwenye simu hiyo hiyo iliyopasuka kioo? Kwenye daftari la mafuta ya gari? Mkeo anajua kwamba yapo? Mama yako aliposikia habari ya maneno, alicheka kwanza, halafu akasema kwenye kikoba chao sanduku lina kufuli tatu na kila ufunguo uko kwa mama tofauti ili hata mmoja akifa kikao kiendelee, na mwanawe msomi ametengeneza sanduku la kufuli moja na ufunguo ameutia kichwani. Nimeshindwa kumjibu kwa niaba yako.

Njia ya pili ni kuziacha kwenye kampuni, zile programu mnazotumia kununua. Hapo mnasema mmeikimbia benki, kumbe mmehamia benki nyingine isiyo na Benki Kuu juu yake wala bima chini yake. Mt. Gox ya Tokyo ilianguka 2014 na Bitcoin laki kadhaa za watu. FTX ilianguka Novemba 2022, na mwenye nayo, Sam Bankman-Fried, alihukumiwa miaka 25 mwezi Machi 2024 kwa kuchezea fedha za wateja. Iliyonikaa zaidi ni ile ya Canada, QuadrigaCX. Mwenye kampuni, Gerald Cotten, alifariki akiwa India Desemba 2018, ikasemwa nywila zote alikuwa nazo yeye peke yake. Watu wakakaa wanaomboleza nywila. Baadaye wachunguzi walipofungua vitabu wakakuta sehemu kubwa ya fedha ilikuwa imeshaliwa kabla hajafa. Ona jinsi siri ya nywila ilivyokuwa pazia zuri. Kwenye benki, mwizi wa ndani ana mkaguzi anayemwinda. Nimewahi kukaguliwa mpaka soksi, mwanangu, na nilichukia, lakini leo naelewa kwa nini.

Krismasi ulikuwa ukisema nusu utaiweka USDT kwa kuwa hiyo ni dola tu ya kwenye simu. Nisaidie: unaipata kwa kumtumia mtu usiyemjua shilingi kwa M-Pesa naye akuachie dola hizo, sivyo? Na akikutumia wewe shilingi za wizi siku unauza, laini ikafungwa, utaeleza nini polisi? Sikuulizi kwa kejeli. Nataka jibu.

Na suala la serikali usinichanganye nalo. Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba sarafu hizi hazikubaliki kisheria na kwamba shilingi ndiyo fedha halali ya nchi. Juni 2021 Rais Samia, akiwa Mwanza kwenye jengo la Benki Kuu, akawaambia wajiandae na mabadiliko hayo, vijana mkashangilia kama mmepewa leseni. Halafu Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali, nawe ukanipigia simu, baba wametukubali! Kukatwa kodi si kukubaliwa. TRA kuchukua chake hakumfanyi mtu yeyote wa Benki Kuu ainuke kitini siku mali yako imepotea. Labda sheria itakuja, na ikija nitaisoma, na kama ina kifungu cha bima na cha mirathi nitakuwa wa kwanza kukupongeza. Haijaja.

Mimi sikulaumu kwa kutaka kitu kipya. Wewe ndiye uliyejifunza Kijerumani kwa kusikiliza wageni tu, bila darasa, na nikiulizwa kanisani mwanao anafanya nini huwa najibu kwa sauti kubwa kidogo kuliko inavyohitajika. Yule mgeni aliyekufundisha Bitcoin pale kambini, sina shaka ni mtu mwema. Ila mtazame vizuri. Ana pensheni, ana bima ya afya, ana nyumba, na benki yake ikifungwa mfuko wa bima ya amana wa kwao unamlipa mpaka yuro 100,000. Anachoweka huko ni kile kinachobaki baada ya hayo yote. Wewe unataka kuweka msingi wa nyumba. Mnacheza mchezo mmoja, lakini yeye anachezea chenji na wewe unachezea paa la watoto.

Na kiwanja hicho, jina la mkeo halimo kwenye mkataba wa mauziano. Nililiona siku ile tulipokwenda kupima mipaka na nikanyamaza kwa kuwa mafundi walikuwa wanasikiliza. Lakini kokoto za kwanza zilitoka kwenye biashara yake ya vitenge, na hilo unalijua. Je, ameafiki kuuza? Dada yako hakuweza kunijibu, na alivyoshindwa kujibu ndivyo nilivyopata jibu.

Sasa utasema mzee naye, na kiinua mgongo chake. Sema. Naukumbuka ule mwaka fedha hiyo haikupatikana na dada yako akakaa nyumbani muhula mzima, mama yako hunikumbusha bila kufungua mdomo. Sijasema benki ndiyo peponi. Hata mimi sikuwekei sharti la kufungia kila senti huko kwa riba ya kuchekesha. Zipo hati fungani za serikali, kianzio ni milioni moja tu, unalipwa riba mara mbili kwa mwaka na zinarithiwa. Nilikuambia, ukasema ni za wazee. Haya, mimi ni mzee na riba yake ndiyo iliyonunua ng'ombe unayemnywea maziwa kila Krismasi.

Ninachokuomba ni hiki. Kiwanja usiuze. Akiba ya SACCOS iache, pale angalau ulijaza fomu ya mrithi na nilishuhudia. Bakshishi zako za dola, zile zinazobaki baada ya ada na unga, nunua hizo Bitcoin utakavyo, sitauliza tena na nikiuliza niambie umekatika mtandao. Ila kabla hujanunua hata moja, kaa na mkeo usiku mmoja, mzime televisheni, umwonyeshe zinafunguliwaje. Afungue yeye kwa mkono wake, wewe umekaa kando bila kumsaidia. Akishindwa, hazipo. Sijali zinaonekana ngapi kwenye kioo.

Na mteja wa kiwanja mpigie kesho umwambie baba amekataa. Nitwishe mimi lawama, nimezoea. Kama umeshapokea kishika uchumba chake, nijulishe kiasi ili turudishe mbele ya balozi, kwa maandishi, siyo kwa simu.

Mengine. Ng'ombe amezaa jike, Jumatano alfajiri, bila matatizo. Mama yako anataka apewe mjukuu, mimi nimesema mjukuu wa Arusha atamlisha nini, lami? Tumeahirisha kikao. Paa la jiko limeanza kuvuja upande wa mgomba mkubwa, fundi anataka mabati manne na bei ya mabati mjini Moshi siipendi, uliza hapo Kilombero kama kuna nafuu, geji 30 isiwe nyepesi zaidi ya hapo. Kahawa mwaka huu imechanua vizuri, namshukuru Mungu, ila wachumaji ni shida, vijana wote wako kwenye bodaboda. Kipaimara cha mtoto mchungaji ameshatangaza, kwa hiyo mpango wa gauni mwambie mkeo asimwachie dada yako peke yake, mara ya mwisho walinuniana mpaka Pasaka.

Ile dawa ya presha uliyoniletea imebaki ya wiki moja. Siyo lazima ya bei ile, hii ya Mawenzi nayo nimeambiwa ni ile ile.

Nimekutumia mkungu wa mshare, maharage ya mama yako nusu debe, na maziwa ya mgando kwenye dumu la njano. Dumu ni la jirani, lirudi. Konda wa Coaster nimeshamlipa huku, akikudai tena stendi usimpe.

Baba yako